Kura ya Mji wa Baki

Nchi ya Shufwani haimo katika ramani yoyote, na wachoraji wa ramani wana udhuru, kwa kuwa kila walipotaka kuichora walitakiwa waichore mara mbili. Watu wake waliipenda shufwa, yaani hesabu igawanyikayo kwa mbili pasipo kusalia kitu, kwa mapenzi ambayo mataifa mengine huyaweka kwa dini zao au kwa watoto wao. Na waliichukia witiri, yaani hesabu isaliayo moja, kwa chuki ambayo wenye akili timamu huiwekea tauni. Nyumba zao zilikuwa na milango miwili, hata zile ambazo hazikuwa na nafasi ya mlango mmoja. Mgeni wa saba alipopiga hodi karamuni alilakiwa kwa maneno matamu, kisha akaombwa kwa heshima zote arudi alikotoka akamtafute wa nane. Mji mkuu uliitwa Jozi. Mahakama kuu ilikuwa na majaji wawili, Mheshimiwa Ndivyo na Mheshimiwa Sivyo, na hukumu haikutoka mpaka wawili hao wakubaliane. Kwa hiyo wako watu waliofungua shauri la mpaka wa shamba wakiwa vijana, wakazeeka, wakafa, na wajukuu wao wangali wakiarifiwa kila mwezi kwamba shauri limeahirishwa. Utaratibu huo wote waliuita insafu, yaani haki na usawa. Mimi ninayesimulia nimeutafutia jina jingine lenye adabu, nikalikosa.

Desturi iliyonichoma zaidi ilihusu watoto, na namwomba msomaji asiisahau. Nyumba iliyojaaliwa watoto watatu haikuruhusiwa kuwalea wote. Wa tatu, alipoachishwa ziwa, alipelekwa katika nyumba yenye mtoto mmoja ili hesabu za nyumba zote mbili zikae sawa, akavishwa katika mkono wa kushoto bangili ya shaba isiyovuliwa maisha, ili ijulikane daima kwamba aliletwa kutimiza idadi. Mama aliyemzaa alipewa kanga mbili za kufutia machozi, moja kwa kila jicho, na karani akaandika daftarini kwamba mama ameridhika.

Shufwani haikuwa na mfalme. Kila baada ya miaka sita ilimchagua rais kwa njia ya wateule: watu wa kila mji walipiga kura zao, kisha mji ukamtuma mteule mmoja Jozi kulitamka mbele ya Baraza jina la mgombea aliyeshinda kwao. Wateule walikuwa arobaini. Miji ilikuwa arobaini na mmoja.

Mji huo mmoja uliitwa Baki. Wenyewe hawakujiita hivyo. Waliitwa na makarani wa Jozi, siku walipoigawanya miji kwa mbili wakaona umesalia mmoja mikononi mwao. Ulikuwa bondeni, chini kabisa ya ukuta wa Bwawa la Neema, ambalo maji yake yalinywesha nchi nzima. Watu wa Baki ndio walioujenga ukuta ule kwa mawe na chokaa, ndio waliozibua mifereji, na ndio waliolinda malango ya chuma. Lakini kura hawakuwa nayo, kwa hoja kwamba wateule arobaini na mmoja wangekuwa witiri, na witiri ni nuksi. Waliahidiwa kwamba siku utakapozaliwa mji wa arobaini na mbili, miji hiyo miwili itaingia barazani pamoja, imeshikana mikono. Ila kila kijiji kilipokaribia kuwa mji, Jozi ilikiunganisha haraka na jirani yake, kwa ngoma na vigelegele. Wakati wa kisa hiki ahadi ile ilikuwa na umri wa miaka sitini na afya njema.

Alama ya urais haikuwa taji wala fimbo, bali ufunguo wa chuma wenye urefu wa kiganja, uliofungua malango ya bwawa. Rais aliuvaa shingoni. Kila mwaka masika yalipoanza, alikwenda mwenyewe ukutani, akafungua malango, na maji ya ziada yakateremka kwa salama katika nyika ya malisho. Rais Makamo alipomaliza muda wake aliuvua ufunguo, akauweka juu ya mto mwekundu katikati ya Baraza, akaenda zake kulima vitunguu. Kazi iliyobaki ilikuwa kumpata mrithi.

Wagombea walikuwa wawili, Hamasa na Nadhari. Hakuna aliyekuwa mwovu kati yao, na singependa msomaji awaonee. Hamasa alikuwa na sauti iliyosikika ng'ambo ya mtaa wa pili, na moyo mwema ambao ulitangulia akili yake kila mahali kwa hatua nne. Nadhari alikuwa mtu wa kufikiri. Akiulizwa kama atakunywa chai au kahawa, alifikiri mpaka vyote viwili vikapoa. Nchi iliwapima, ikawachambua, ikagombana kwa ajili yao miezi sita, na siku ya wateule ilipofika, ishirini walimtamka Hamasa na ishirini wakamtamka Nadhari.

Baraza likamgeukia Mzee Mazoea, mlinzi wa Kitabu cha Nguzo. Kitabu hicho kiliandikwa na waasisi wa nchi, na ndani yake mlikuwa na sheria zote. Ila watu wa Jozi walikuwa wamezifunika kurasa zake za witiri kwa karatasi nyeupe zilizobandikwa kwa nta, wasije wakaziona kwa bahati mbaya. Walisoma ukurasa wa pili, wakaruka, wakasoma wa nne, wakaruka, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Sheria zao nyingi zilianzia katikati ya sentensi na kukomea katikati ya sentensi, na wanazuoni walisifu jambo hilo kuwa ni ufasaha wa kale. Mzee Mazoea alifungua ukurasa wa arobaini, akasoma chini kabisa: "Na wateule wakilingana kura, wazee wa Baraza watafanya hivi." Akaruka wa arobaini na moja, akasoma juu ya ukurasa wa arobaini na mbili: "na kuwafunga kamba mbili mpaka jua lizame."

Basi wakawafunga. Bwana Hamasa na Bwana Nadhari walikaa uani mwa Baraza siku nzima, kila mmoja na kamba zake mbili, mmoja akiwahutubia waliompita na mwingine akilitafakari fundo. Jua lilizama, wakafunguliwa, na hali ya kura ilikuwa ile ile.

Wakapiga kura tena, ishirini kwa ishirini. Mtu mmoja akasema nchi nyingine hutupa sarafu. Wazo likapendwa, lakini sarafu moja ni witiri, kwa hiyo zikatupwa mbili, kila mgombea na yake. Zote mbili zililala upande wa mwezi. Zikatupwa tena, zote mbili zikalala upande wa nyota. Siku ya nne wataalamu walikuja na shauri ambalo Baraza zima lilisimama kulipigia makofi: nchi iwe na marais wawili. Mbona hawakuliona mapema? Viti viwili vikaagizwa, majoho mawili yakashonwa. Kilichosumbua ni ufunguo, kwa kuwa ulikuwa mmoja, na waasisi walikataza usitengenezwe wa pili. Hilo nalo likapata dawa. Aitwe mhunzi, aukate katikati, na kila rais avae nusu yake shingoni.

Huku nyuma mvua ilikuwa inanyesha.

Mpimaji wa maji katika ukuta wa Baki alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano, Thubutu binti Saburi, aliyeirithi kazi hiyo kwa baba yake. Kila asubuhi aliingia majini kando ya nguzo ya kipimo na kuhesabu vidole vilivyobaki kati ya maji na alama nyekundu. Baba yake alimfundisha kwamba maji yakivuka alama hiyo ukuta hautasimama, na ukuta ukianguka, mji utafunikwa kabla mtu hajafika nje ya ua wake. Siku ile vilikuwa vidole kumi, na maji yalipanda kidole kimoja kwa siku. Malango yalikuwa ya chuma, mazito, hayavunjiki kwa shoka wala kwa moto, walikwisha kujaribu. Thubutu akamwachia nguzo mama yake, Bi Stara, akafunga mkate katika kitambaa, akaenda Jozi kwa miguu.

Mlangoni mwa Baraza bawabu alimzuia kwa upole.

"Dada yangu, ndani wamo watu mia moja na arobaini na wanne. Ukiingia peke yako utatuharibia hesabu. Tafuta mwenzio."

"Nina watu elfu mbili na zaidi nyuma yangu," Thubutu akamjibu. "Lakini wote wanabeba mchanga ukutani. Sikuweza kumchukua hata mmoja."

"Sikatai. Ila sheria unaijua."

Alisimama mlangoni siku tatu, akihesabu vidole kichwani: vinane, saba, sita. Moyo wake ulikuwa unawaka, na mara nyingi alitamani kumpiga bawabu teke, jambo ambalo mimi kwa upande wangu nisingemlaumu. Siku ya nne, vidole vikiwa vitano, alikuja mzee mfupi mwenye msumeno wa kukatia chuma begani. Alikuwa mhunzi wa Jozi, jina lake Hakika, ameitwa kuja kuukata ufunguo; na yeye pia alikuwa peke yake, na yeye pia akazuiwa.

Wakatazamana. "Salama, baba?" Thubutu akasema.

"Salama, mwanangu. Naona tunakosa mtu mmoja kila mmoja wetu."

"Basi hatukosi," akasema Thubutu, na wakaingia.

Ufunguo ulikuwa juu ya mto wake mwekundu. Hamasa na Nadhari walikuwa wamekaa katika viti viwili vipya, majoho yamewakaa vizuri. Mhunzi aliuchukua ufunguo, akaugeuza geuza, akaurudisha.

"Waheshimiwa," akasema, "nimefua chuma miaka thelathini. Nikiukata huu mtapata vipande viwili vya chuma. Mlango hamtafungua."

"Marais watakapokubaliana, vipande vitaunganishwa," akajibu Mzee Mazoea. "Kata."

Hapo Thubutu alijitokeza katikati ya Baraza, mahali ambapo mtu wa Baki hakupata kusimama tangu nchi kuumbwa, akauweka mkono wake juu ya ufunguo.

"Waheshimiwa, maji ya Bwawa la Neema yamebakiza vidole vitano. Bwawa halijui kwamba nyinyi mnataka kukubaliana. Siku tano zikipita bila malango kufunguliwa, mji wetu utazama, na maji yakishatumaliza sisi yatakuja kwenu, maana mto haujui hesabu. Mkiukata ufunguo huu leo, mtakuwa mmetukata sisi."

Baraza likachafuka. Mzee Mazoea alipiga meza mara mbili, kisha mara mbili tena, akamshitaki pale pale mbele ya majaji: kwamba ameingia kwa hila, amejifanya jozi na mtu asiyemjua, kwamba ameshika alama ya dola, na kwamba ni mtu wa Baki, ambao hawana neno barazani. Adhabu ya makosa hayo ilikuwa kutolewa nje ya mipaka ya nchi.

"Unakiri?" akauliza Mheshimiwa Ndivyo.

"Nakiri yote matatu," akasema Thubutu. "Nauliza tu nitatolewa nje ya wapi. Katika hesabu ya nchi hii simo. Mama yangu hayumo. Mji wangu haumo. Mniingize kwanza, ndipo mnitoe."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Mheshimiwa Sivyo aliegemea mbele. "Una utetezi?"

"Nina ombi, mheshimiwa. Nimesikia mlangoni kwamba Kitabu kimesema wazee watafanya hivi, na hakuna aliyesoma wafanye nini. Naomba kisomwe chote. Ukurasa wa arobaini na moja usomwe."

Kama angesema wachome moto Baraza, nadhani wangeshtuka kidogo kuliko hivyo. Mzee Mazoea alikikumbatia Kitabu kifuani kwa mikono yote miwili, na alipofanya hivyo kanzu yake ikapanda mkononi. Thubutu akaona shaba. Ilikuwa bangili ya mtoto mdogo, iliyotanuliwa mara nyingi na wahunzi kadiri mkono ulivyokua, imekuwa nyembamba mno.

Thubutu alisahau hasira yake, na sauti yake ikashuka.

"Babangu," akasema, "ulikuwa wa tatu."

Mzee Mazoea akaivuta kanzu chini.

"Sisi wa Baki hatuvishwi bangili, maana sote tu wa kusalia. Lakini najua maana yake. Yuko mama aliyekuzaa, akakuhesabu kwa vidole vyake kila jioni, mmoja, wawili, watatu, na kwake yeye hesabu ilikuwa kamili. Ni Jozi iliyosema umezidi. Mimi sijazidi, babangu. Wala wewe hukuzidi."

Mzee Mazoea alikuwa mtu wa miaka sabini. Alikiweka Kitabu mezani taratibu.

"Nilipelekwa nikiwa na miaka miwili," akasema. "Nyumba ile ilikuwa nzuri, hawakunitesa. Uso wa mama siukumbuki. Nakumbuka kanga mbili zilizokunjwa, zipo juu ya mkeka, naye hazigusi." Akapangusa macho kwa kiganja. "Nimekilinda Kitabu hiki miaka arobaini. Mara nyingi nikiwa peke yangu humu nimepitisha kidole juu ya karatasi hizi za nta, nikataka kujua, nikaogopa. Waheshimiwa majaji, naomba idhini."

"Ndivyo, ubanduliwe," akasema Mheshimiwa Ndivyo.

Macho yote yakamgeukia Mheshimiwa Sivyo, ambaye kwa miaka ishirini na minane hakupata kukubaliana na mwenzake ila katika saa ya chakula. Alimtazama Mzee Mazoea, akamtazama Thubutu, akavua kofia yake. "Sina la kupinga," akasema.

Nta ilikuwa kavu, ikabanduka kwa urahisi. Mzee Mazoea alianza kwa ukurasa wa arobaini, akavuka ng'ambo, akasoma kwa sauti: "Na wateule wakilingana kura, wazee wa Baraza watafanya hivi: hawatarudia kura wala hawatabahatisha, bali watakwenda kuihesabu nchi upya. Kwa maana tumeagiza wateule wawe witiri daima, isije nchi ikakwama. Na wakilingana, jueni yuko mtu mmemwacha nje ya hesabu. Mtafuteni. Mwombeni radhi. Kisha mumsikilize. Na mbuzi wakiingia katika shamba la mtu, mwenye shamba atawakamata" — na hapo akageuza — "na kuwafunga kamba mbili mpaka jua lizame."

Bwana Nadhari aliwaza kidogo, akatazama alama za kamba katika vifundo vya mikono yake. Bwana Hamasa alicheka mpaka akalazimika kukaa, na kicheko chake kikalishika Baraza lote, wazee wenye ndevu wakalia machozi ya kucheka, na ndani ya kicheko kile mambo mengi ya Shufwani yakafa bila kuzikwa. Kisha wateule wote arobaini wakasimama na kumwomba Thubutu radhi, mmoja mmoja. Aliwaruhusu waombe, ila aliwahimiza waombe upesi.

"Binti," akasema Hamasa, "maji hayangoji. Wewe ni mteule wa Baki. Litamke jina langu sasa hivi, niuvae ufunguo, na tuondoke."

"Au langu," akasema Nadhari, "ikiwa umeridhika nalo baada ya kutafakari."

Ulikuwa mtihani mzito. Neno moja lingemaliza kila kitu, na mji wake ulikuwa unamsubiri. Thubutu alifumba macho, akaona nguzo, akaona mama yake amesimama majini.

"Mimi nina miguu tu iliyonileta," akasema. "Kura ni ya mji wangu, nao wameingoja miaka sitini. Sitaila njiani. Chukueni ufunguo, njooni nyote, na watu wa Baki wachague wenyewe."

Wakaenda, Baraza zima, juu ya nyumbu na punda, katika mvua isiyokatika. Wagombea wawili, majaji wawili, wateule arobaini, na Mzee Mazoea akiwa amekivika Kitabu ngozi. Mhunzi Hakika aliubeba ufunguo, kwa kuwa ndiye pekee aliyeaminiwa na pande zote. Njia iliharibika, wakatumia siku tatu. Walipofika, vidole vilikuwa viwili.

Watu wa Baki walikuwa ukutani, wametapakaa tope, wakipanga viroba vya mchanga. Walipoelezwa walichokuja kuulizwa, hakuna aliyeshangilia. Wengine walikaa chini tu penye tope wakalia. Kisha kazi ikagawanywa. Makapu mawili yakawekwa juu ya ukuta, na kila mtu mzima, alipopita na kiroba chake, aliokota jiwe moja akalitia katika kapu, kapu la kulia kwa Hamasa, la kushoto kwa Nadhari, akaendelea na kazi. Hamasa alivua joho, akabeba viroba huku akiimba, na sauti yake iliwatia watu nguvu kweli kweli. Nadhari alivua lake pia. Alibeba taratibu, lakini viroba alivyovipanga yeye havikuteleza.

Adhuhuri wakahesabu. Mawe ya kulia yalikuwa elfu moja na mia moja na kumi na sita. Mawe ya kushoto yalikuwa elfu moja na mia moja na kumi na sita.

Wateule walishika vichwa. Mmoja akaanza kusema habari za sarafu. Lakini Mzee Mazoea alinyanyua mkono wake wa kushoto, bangili ikaonekana, na safari hii hakuificha.

"Sheria tumeisoma," akasema. "Wakilingana, yuko mtu tumemwacha. Nani hajahesabiwa?"

Watu wakatazamana, kila mmoja akimkagua jirani yake. Ndipo Bi Stara, aliyekuwa amekaa amejifunika blanketi baada ya siku nyingi za kusimama majini, akanyoosha kidole. Chini kabisa, kando ya nguzo, maji yakiwa yamemfika kifuani, alisimama Thubutu. Tangu walipofika alikuwa amempokea mama yake kazi, na tangu hapo hakunyanyua macho kutoka katika alama nyekundu.

"Kidole kimoja!" akapaza sauti kutoka chini, akidhani wanamwita waulize kipimo.

Walimteremshia jiwe. Alilishika kiganjani, akawatazama wagombea wawili walioinama ukutani juu yake, na akawauliza swali moja tu.

"Malango ni manane. Ukipewa ufunguo, utafungua lipi kwanza?"

"Yote," akasema Hamasa bila kusita. "Yote kwa pamoja, tumalize."

Thubutu akamgeukia Nadhari. Nadhari alifungua mdomo, akaufunga. Watu wa Jozi waliomfahamu wakaanza kukata tamaa. Lakini safari hii hakukawia.

"Sijui," akasema. "Wewe ndiye unayejua. Niambie, nami nitafanya hivyo hivyo."

Jiwe likapanda kwa kamba, likatiwa katika kapu la kushoto. Elfu moja na mia moja na kumi na saba. Wateule wa Shufwani walikuwa arobaini na mmoja, na nchi ikawa na rais.

Mhunzi Hakika akamvika Nadhari ufunguo, na Nadhari hakukaa nao shingoni hata muda wa kupumua mara mbili. Aliuvua, akateremka ngazi, akaingia majini na nguo zake, akampa Thubutu mkononi. "Fungua," akamwambia, "ukianza na unalolijua."

Kabla hajafungua, Thubutu alimwita Hamasa. "Bwana, bondeni huko nyikani wapo wachungaji, na sauti yetu haifiki. Yako inafika." Hamasa aliruka juu ya nyumbu kama kijana wa miaka ishirini, akateremka nyikani akinguruma, na hakubaki mchungaji wala ndama aliyedai hakusikia. Alipoulizwa baadaye habari za kushindwa kwake, alisema kwamba kazi aliyopewa siku ile iliutosha moyo wake kuliko viti vyote.

Thubutu alifungua lango la tatu kwanza, ambalo lilikuwa mbali na ufa ulioanza ukutani, ufa ambao mshindo wa malango yote kwa pamoja ungeupasua. Kisha la saba, kisha la kwanza. Maji yalitoka kwa mshindo, yakapita kando ya mji, yakaenda kuinywesha nyika. Watu walisimama juu ya ukuta wakitazama nguzo. Kidole kimoja. Viwili. Vinne. Alama nyekundu ilipoachwa juu kwa shubiri nzima, Bi Stara alitoa kigelegele, na Baki yote ikaitikia, na majaji Ndivyo na Sivyo walionekana wamekumbatiana katika tope, ikiwa mara yao ya pili kukubaliana katika wiki moja.

Yaliyofuata yaliandikwa katika kurasa za shufwa na za witiri pia. Karatasi za nta zilibanduliwa zote, na ikagunduliwa kwamba nusu ya sheria za Shufwani zilikuwa za huruma. Watoto wa tatu walirudishwa kwao. Mzee Mazoea, aliyekwisha kupita umri wa kurudishwa, alikwenda mwenyewe kijiji kwa kijiji mpaka akawapata ndugu zake wawili; mama yao alikwisha kufariki, lakini walimtolea sandukuni kanga mbili, zimekunjwa vile vile, hazikutumika. Bangili zilivuliwa, zikakusanywa, na mhunzi Hakika akaziyeyusha akatengeneza kengele. Watu wa Baki waliulizwa kama wanataka jina jingine la mji. Wakajibu kwamba hilo wamelizoea.

Kengele ile imetundikwa barazani Jozi, na hakuna kura inayohesabiwa kabla haijapigwa. Ikishalia, mlinzi wa Kitabu huuliza mara tatu: nani hajahesabiwa? Mara ya kwanza kabisa ilipopigwa, bawabu alitoka nje kutazama. Alimkuta mzee mmoja mchungaji, ametoka mbali, amesimama kando ya ukuta na kofia mkononi.

"Nimekuja peke yangu," mzee akasema kwa haya. "Nimtafute mwenzangu kwanza?"

"La, baba," bawabu akamjibu, akaufungua mlango wote. "Ingia. Ulikuwa unangojwa."